Ushuhuda wa Mama Clothilde

Tulimwacha Daktari Abdulsamad nyuma ya kanisa la Wakongo mjini Arlington, buti ya gari iko wazi, anampa mama wa watu vidonge ambavyo hakuwa na ruhusa ya kumpa. Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, basi fahamu hivi: Abdulsamad ni Mzanzibari, daktari wa familia katika mji mdogo wa Pecan Ridge, kusini ya Mansfield, na msimu huu anagombea ubunge wa jimbo la Texas. Siku ile alikwenda kanisani kuomba kura. Mama Clothilde, mjane, alikuwa na presha ya kuangusha ng'ombe, bima yake ya serikali imekatwa, na hospitali hataki hata kuisikia kwa kuogopa bili.

Daktari hakumfungulia faili wala hakumwandikia cheti. Alimpa vidonge vilivyorudishwa kliniki na familia ya mgonjwa wake aliyefariki, jambo ambalo sheria imelikataza. Akamwambia ameze kila siku asiache. Kisha akafunga buti, akaenda zake akijiambia kwamba limekwisha.

Halikwisha.

Aliyeleta habari ni binti yake, Afnan, na aliileta akicheka. Afnan anasoma chuo, na ndiye anayeutunza ukurasa wa kampeni wa baba yake. Kiswahili anakisikia, lakini kujibu hujibu kwa Kiingereza.

"Baba, look, you're famous," alisema, akaiegemeza simu kwenye kikombe cha chai.

Kwenye kioo alikuwa Mama Clothilde, kitenge kipya, maiki mkononi, nyuma yake kwaya.

"Bandugu, mi nilikuwa mutu wa kufa," alisema. "Tension ilipanda mpaka macho haioni. Docteur Abdulsamad, ule anatafuta ubunge, akanipeleka nyuma ya kanisa. Hakuniuliza karte ya bima. Hakuniuliza hata franga moya. Akafungula gari yake, akatosha dawa mule ndani, akanipatia na mukono yake mwenyewe."

Kanisa zima likapiga vigelegele.

"Isn't she sweet?" Afnan akasema. "Nime-post kwenye page yetu."

"Umeweka wapi?"

"Our page. Tangu jana. Everyone loves it."

"Mwanangu, unafahamu anachosema?"

"She's saying you helped her."

Ndiyo, na hilo ndilo balaa. Mama wa watu alikuwa akisema, kwa machozi na mbele ya kamera, kwamba mgombea ametoa dawa kwenye buti ya gari kumpa mtu asiye mgonjwa wake. Mpinzani wake, yule mwenye maduka ya matrekta, angeweza kulipa wapelelezi mwaka mzima asipate kitu kama hicho. Sasa amepewa bure, na ukurasa uliompa ni wa Abdulsamad mwenyewe.

Tusimpake mafuta daktari wetu. Hofu ya kwanza iliyomshika haikuwa ya mgonjwa. Alifikiria leseni yake, nyumba, ada ya Afnan, na uso wa mama yake kule Malindi, Unguja, siku atakapoambiwa mwanawe amefutwa udaktari.

Lakini video ilikuwa haijaisha.

"Sasa musikilize," Mama Clothilde akaendelea. "Nilimeza kidogo tu. Kisha pasteur akaniombea, na Mungu akaniponyesha kabisa. Leo simezi tena. Hata kimoja simezi."

Hapo ndipo daktari alipoisimamisha video. Anayeyajua makanisa yale anajua kwamba ushuhuda hautolewi na mtu anayeendelea na matibabu. Hutolewa na aliyepona. Ukisimama na maiki ukasema Mungu amekuponya, kisha watu wakakuona nyumbani unameza vidonge, umemwaibisha Mungu na umejiaibisha mwenyewe. Mama Clothilde alikuwa ameacha dawa ili shukrani yake iwe ya kweli.

Elirehema alifika kabla kikombe hakijaondolewa mezani. Huyu ndiye meneja wa kampeni, Mmachame aliyewahi kutangaza redio kule Moshi, na siku hiyo hata salamu hakutoa.

"Usi-delete," alisema. "Uki-delete, umekiri. Wale wa matrekta wameshai-download, wameitafutia mtu wa kuitafsiri."

"Sasa nifanye nini?"

"Humjui."

"Simjui nani?"

"Huyo mama. Ulikwenda kanisani, ukasalimia watu, kila mtu leo anasema anakufahamu. Mama mtu mzima kachanganya madaktari. Wala hatumsemi vibaya. Tutasema tunamtakia afya njema."

"Elirehema, ameacha dawa."

"Nimesikia."

"Hujasikia. Kwa presha ile, akiacha mshipa unaweza kumpasuka kichwani. Atapooza, au atakufa."

Elirehema alivuta kiti, akakaa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikashuka.

"Daktari, nisikilize. Complaint imeshaingia bodi ya madaktari. Lawyer kanipigia asubuhi. Huyo mama sasa ni shahidi. Ukimpigia simu, hata ukimpigia kumuuliza hali, watasema umemtisha. Hiyo siyo kupoteza uchaguzi tu, hiyo ni jela."

Mkewe daktari, Mashavu, alikuwa amesimama mlangoni na taulo la vyombo mkononi.

"Na leseni?" aliuliza.

"Bi Mashavu, akinyamaza, leseni inapona. Akisema lolote, inaondoka."

Basi akanyamaza. Lazima tuseme hivyo, kwa sababu ndivyo alivyofanya. Alikwenda kliniki, akapima watoto masikio, akaandikia wazee dawa za kikohozi, na kila simu ilipolia alishtuka kama mwizi.

Ushuhuda mtamu haukai kanisa moja. Wachungaji walipigiana, na Mama Clothilde akaalikwa Houston. Video ya pili ikatoka, na ndani yake hadithi imenenepa.

"Docteur aliniambia hii dawa ni ya mutu aliisha kufa," alisema safari hii, akitabasamu. "Ule mutu alikufa, mi nikapona. Munaona kazi ya Mungu?"

Elirehema aliituma bila maneno. Baadaye ikaja ile ile kutoka upande wa matrekta, imewekewa maandishi ya Kiingereza chini, na pale panaposemwa dawa ni ya mtu aliyekufa pamepigiwa mstari mwekundu.

Lakini Abdulsamad hakuwa akisoma maandishi. Alikuwa akitazama mkono wa kushoto wa yule mama, namna ulivyoshikilia meza ya mchungaji usiiachie. Aliirudisha video nyuma, akaitazama tena. Kisha akaingia stoo ya kliniki, akafunga mlango kwa ndani, akapiga namba aliyopewa na mzee wa kanisa la Arlington.

Akapokea mwanamke mwenye sauti ya kuchoka.

"Mimi ni Josiane. Tantine Clothilde ni shangazi yangu, amefikia kwangu hapa Stafford, pembeni ya Houston. Simu hii ni yangu, Docteur. Yeye hana yake, tunatumia hii hii."

Josiane alikulia kambi ya wakimbizi Kigoma, Kiswahili chake kimenyooka. Sasa anafanya kazi bohari, anapanga maboksi.

"Anameza dawa?"

"Hamezi. Chupa iko kwenye sakoche yake, ule mkoba mweusi, hamwachii mtu. Nimembembeleza mpaka nimechoka. Anasema akimeza, ushuhuda utakuwa uongo."

"Umempima presha?"

"Nilinunua mashine pharmacy. Iliandika namba kubwa mno, nikadhani imeharibika. Nikajipima mwenyewe nione kama ni nzima, na mimi nikakuta presha yangu imepanda. Lakini mimi ni uchovu tu. Kichwa kinanigonga tangu juzi, na miguu imevimba kwa kusimama kazini."

"Pumzika, kunywa maji," daktari alisema, akili yake iko kwa mwingine. "Nipe mama."

Kisha ikaja ile sauti aliyoifahamu.

"Mutoto yangu Docteur. Ni weye?"

"Ni mimi, Mama. Rudi kwenye dawa. Leo, sasa hivi."

"Kwa nini? Weye ulianza kazi, Mungu akaimaliza."

"Haijamalizika, Mama. Hujapona. Dawa ndiyo iliyoishusha tension, na sasa imepanda tena."

Mama Clothilde alipojibu hakuwa na hasira. Alijibu kwa upole, na upole huo ulimtisha daktari kuliko ukali.

"Docteur, weye uko mutu ya muzuri, lakini hii mambo yetu haujui. Kesho Dimanche nitasimama mbele ya batu ba Stafford. Banatangaza jina yangu tayari. Nikimeza leo, kesho nitasema nini? Nidanganye na maiki mukononi?"

"Basi usisimame."

"Nisisimame, baseme Mungu alinipokonya uponyaji?"

Akamrudishia Josiane simu. Josiane akasema ibada ya Jumapili inaanza asubuhi, kwenye lile jengo lililo jirani na duka la matairi, na kwamba yeye mwenyewe angependa daktari aje, kwa sababu anaogopa kulala nyumba moja na mtu atakayekufa huku anaimba.

Abdulsamad alidhani Mashavu atamkataza. Alijiandaa kwa ugomvi, akakuta mkewe ameshatoa mtandio wa safari.

"Sikiliza, Baba Afnan," alisema. "Mimi leseni hiyo naitaka. Tumeitafuta sote, nimeuza dhahabu zangu kwa ajili yake. Lakini sitaki kuwa mke wa mtu anayelala namna unavyolala wiki hii. Tutakwenda. Tutamkamata nje, kabla hajaingia kanisani. Utasema naye ndani ya gari, mimi nitamshika mkono, atameza, turudi kwetu. Hakuna kanisa, hakuna kamera."

Ulikuwa mpango mzuri. Walitoka alfajiri, wakaishika barabara ya arobaini na tano, na mpaka Huntsville kila kitu kilikwenda sawa. Elirehema alipiga, hakupokelewa. Akaandika: "Uko wapi?" Akaandika tena: "Daktari, nakuomba, usiwe unakwenda ninakofikiria."

"Mjibu," Mashavu alisema.

"Nimjibu nini?"

"Mwambie uko na mkeo. Si uongo."

Karibu na Conroe lori lilikuwa limelala kifudifudi, njia zote zimefungwa, na magari yamejaa mpaka macho yanapokoma. Abdulsamad aliushika usukani kwa mikono miwili na gari limezimwa. Alijaribu namba ya Josiane. Ililia mpaka ikakata.

"Watakuwa wanajitayarisha," Mashavu alisema.

"Au kimeshatokea."

"Usiseme hivyo. Ya Rabbi, usiseme hivyo."

Walipofika Stafford, kwaya ilikuwa inasikika mpaka kwenye duka la matairi. Nje hapakuwa na mtu.

Mpango wa pili ulikuwa kukaa nyuma kabisa, wasubiri. Lakini wote wawili walisahau jambo moja ambalo mtoto yeyote wa kanisa lile angewaambia, kwamba mgeni hakai nyuma. Mashemasi wawili waliovaa suti waliwapokea kwa mikono miwili, wakawapitisha katikati ya watu, Mashavu na mtandio wake, daktari na tai ya kampeni aliyosahau kuivua, wakawakalisha safu ya kwanza. Watu wakawapungia. Mama mmoja akamletea Mashavu maji.

Mama Clothilde alikuwa kwenye kiti cha wageni wa heshima, pembeni ya madhabahu, amefumba macho. Sakoche yake nyeusi iko mapajani. Daktari alimsoma kutoka pale alipo: uso umejaa, kidole cha mkono wa kushoto hakitulii, na kila ngoma ilipopiga alikunja uso kidogo. Yu hai.

Kisha akaona kamera. Si ile ya kanisa. Kwenye pembe ya ukumbi alikuwa amesimama mwanamke wa Kizungu na kamera kubwa begani, na kando yake mtu anayemnong'oneza tafsiri. Mwanamke yule alikuwa anamtazama yeye, na taa nyekundu ya kamera inawaka.

"Tuondoke," Mashavu alisema chini kwa chini. "Baba Afnan, inuka tuondoke."

Kwaya ikanyamaza. Mchungaji Wilondja, mrefu, mpole, akasogea mbele na kitambaa cha jasho mkononi.

"Kabla ya ushuhuda," alisema, "wageni wetu wasimame. Watuambie jina, na kule banatoka."

Hakuna namna ya kuikimbia salamu ya wageni. Ukikaa watu watakuinua. Abdulsamad alisimama.

"Natoka Mansfield," alisema.

"Karibu sana. Na jina, papa?"

Hakulazimika kulitaja. Mama Clothilde alikuwa amefumbua macho, na uso wake wote ulifunguka.

"Ni yeye," alisema, sauti inamtetemeka. "Pasteur, ni yeye docteur yangu. Amekuja kushuhudia na mi."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Watu walisimama, wakapiga makofi, wengine wakalia. Wakamsukuma kwa mapenzi mpaka mbele, mikono migongoni mwake, na kabla hajajua amefika, maiki ilikuwa kiganjani mwake na Mchungaji Wilondja amemshika bega.

"Mheshimiwa Docteur," mchungaji alisema. "Sisi hatutaki maneno mingi. Batu banasema huyu mama anadanganya. Kwenye internet banatutukana. Utuambie weye mwenyewe, huyu mama unamujua? Na amepona?"

Maswali mawili. Kwenye mfuko wa koti simu ilitikisika. Alijua ni Elirehema, na alijua ameandika nini.

Aliiona njia yote. Akisema simjui, atatoka pale na leseni yake, na Mama Clothilde atarudi kwenye kiti akiwa mwongo mbele ya watu wake. Akisema namjua na amepona, watu watamshangilia mpaka nje, naye mama atakufa kabla ya Dimanche nyingine. Njia ya tatu alikuwa anaifahamu tangu siku ile ya chai, na ndiyo iliyomfanya aogope wiki nzima.

Alimtafuta Mashavu kwa macho. Mkewe alikuwa analia kimya, na mkono ameweka mdomoni. Kisha akautoa mkono mdomoni, akaitikia kwa kichwa mara moja.

"Namjua," Abdulsamad alisema. Sauti yake ilitoka kavu kwenye spika. "Huyu mama hasemi uongo. Nilimpa dawa nyuma ya kanisa, kutoka kwenye gari yangu. Zilikuwa za mgonjwa wangu aliyekufa. Sikuwa na ruhusa. Sheria inanikataza, na nilijua inanikataza."

Watu wakapiga makofi. Hawakuwa wamefahamu. Kule pembeni mkalimani alikuwa anazungumza haraka, na mwanamke wa kamera amesogea hatua mbele.

"Ngojeni," daktari alisema. "Swali la pili. Hajapona."

Makofi yakafa taratibu.

"Naomba mnisamehe, mimi ni mgeni kwenu na dini yangu nyingine. Mambo ya Mungu na huyu mama siyaingilii. Lakini mshipa wa damu nimeusomea. Presha yake leo ni mbaya kuliko siku niliyomkuta. Ameacha dawa kwa ajili yenu, ili mkimsikia asiwe mwongo. Na mimi niliyajua hayo, nikakaa kimya siku zote hizi kwa sababu naogopa kufutwa kazi."

Mchungaji Wilondja aliondoa mkono begani mwa daktari. Alimtazama Mama Clothilde, akamtazama sana, na kitambaa kikabaki hewani karibu na shingo.

"Mama Clothilde," mchungaji alisema polepole, bila maiki. "Mi sikukukataza dawa. Nilikukataza?"

"Hapana, pasteur."

"Basi umeze, mama. Umeze hapa hapa. Mungu hatakasirika, na mutu atakasirika aje kwangu."

Daktari alipiga magoti mbele ya kiti chake. Kwa mara ya kwanza tangu chai ile kifua kilikuwa chepesi. Leseni imekwenda, ubunge umekwenda, na mama atapona. Alilikubali hilo. Mtu mmoja alikuwa tayari anakuja na glasi ya maji.

"Fungua sakoche, Mama," alisema. "Nipe ile chupa."

Mama Clothilde aliikumbatia sakoche. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Hakuna, mutoto yangu."

"Zimekwisha?"

"Hazikuisha. Nilizitoa. Jana, nyuma ya kuongea na weye kwa simu. Josiane alikuwa analia na kichwa. Nikasema, mi nimepona, hizi dawa zinakaa bure. Docteur alinipatia na mapendo, na mi nitamupatia na mapendo. Nikamuambia ameze na ya asubuhi na ya magaribi, ipite mbio."

"Josiane yuko wapi?"

"Alibaki nyumba. Asubuhi nilimuita, akasema anasikia kizunguzungu, atalala kidogo."

Mke wa mchungaji alikuwa ameshasimama. "Docteur," aliuliza, "hiyo dawa inaweza kumudhuru mutu mwenye mimba?"

Glasi ya maji ilikuwa imefika, na Abdulsamad aliipokea bila kujua. Kichwa kinagonga. Miguu imevimba. Presha imepanda. Josiane alikuwa amemwambia yote hayo jana, moja baada ya jingine, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angemuuliza una mimba. Yeye alikuwa anamwogopea mwingine, na anajiogopea mwenyewe, akamwambia anywe maji. Na vidonge vile mjamzito hapaswi hata kuvigusa.

"Ya miezi mingapi?" aliuliza.

"Saba."

Maiki ilikuwa bado mkononi, na neno hilo lilisikika ukumbi mzima. Mashavu alikuwa ameshashika funguo za gari, anauliza watu kwa sauti nyumba ya Josiane iko wapi. Mashemasi walikuwa wanapiga simu kuita ambulensi na hawakubaliani namba ya jengo. Daktari alitoa simu yake, akazipita jumbe zote za Elirehema, akaitafuta namba ya Stafford aliyoipiga jana, akaibonyeza.

Ikaanza kulia sikioni mwake. Na chini, mapajani mwa Mama Clothilde, ndani ya ile sakoche nyeusi, nayo ikalia.

"Alinipatia hii simu," Mama Clothilde alisema, akiitazama sakoche inavyotetemeka, "ili mutu anichukue video."